Kabla ya kusifu dawa ya nyoka, tuulize sumu yake ilikaushwaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo halizungumzwi hata pale habari za watu kuumwa na nyoka zinapoandikwa kwa herufi kubwa. Kila inapotokea kwamba dawa ya kuzima sumu ya nyoka, ile ambayo wengine huiita antivenomu, imeadimika au haikufanya kazi ilivyotarajiwa, maswali huwa ni yaleyale: imetengenezwa nchi gani, inauzwa kwa bei gani, ilitunzwa kwenye jokofu au haikutunzwa, na muda wake wa matumizi umekwisha au bado. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, nimefanya kazi na sumu ya nyoka kwa miaka mingi nikiwa fundi wa maabara, kazi yangu ikiwa ni kuikausha na kuihifadhi, na swali ambalo sijawahi kulisoma katika gazeti lolote ni hili: sumu iliyotumika kutengenezea dawa hiyo ilikaushwaje?

Msomaji anaweza kushangaa ukaushaji unahusianaje na mgonjwa aliyelala hospitalini. Uhusiano ni wa karibu. Tangu mwaka 1894, Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand, na kwa upande wake Albert Calmette, walipoonyesha Ufaransa kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo inaweza kumkinga mnyama mwingine, njia ya msingi ya kutengeneza dawa hii haijabadilika sana. Farasi au kondoo hudungwa sumu kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa taratibu, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga, na kingamwili hizo husafishwa kutoka kwenye damu yake. Lakini sumu haitoki kwenye meno ya nyoka na kuingia kwa farasi siku hiyohiyo. Hukamuliwa leo kwa nyoka mmoja, kesho kwa mwingine, ikakusanywa, ikachanganywa, ikasubiri miezi au miaka. Katika kipindi chote hicho huwa ni unga ndani ya kichupa cha kioo. Farasi haijui sumu ya nyoka aliye porini. Anachokijua ni kile kilichomo kichupani.

Sumu inapokamuliwa huwa ni kimiminika chenye maji mengi, na ukiyaondoa maji hayo, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kinachobaki ni protini na vipande vidogo vya protini. Charles Lucien Bonaparte alikwisha kulibaini hilo kwa sumu ya nyoka wa Ulaya mwaka 1843. Baadhi ya protini hizo hushambulia mishipa ya fahamu, kama zilivyo nyingi za koboko na swila, na nyingine ni vimeng'enya vinavyokata na kumeng'enya nyama, kuta za mishipa ya damu na chembechembe zake, kama zile za kifutu. Hapa ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu kimeng'enya kinachokata protini hakichagui. Ndani ya bilauri kinaweza kuzikata protini za sumu yenyewe. Nyoka ana namna yake ya kulizuia jambo hilo. Kimiminika kilicho ndani ya tezi yake kina uasidi kiasi, kina sitreti inayofunga madini ambayo vimeng'enya hivyo huyahitaji, na kwa baadhi ya nyoka kuna vipande vidogo vya protini vinavyokaa kama kizibo kwenye mdomo wa kimeng'enya. Ni hifadhi ya ajabu, isiyohitaji umeme wala friza. Sisi tukishaitoa sumu nje, tukaiacha kwenye joto la chumba pamoja na mate, chembe za ngozi ya kinywa na bakteria wa nyoka, saa ndiyo imeanza kuhesabu.

Wazee wa fani hii waliikausha hewani juu ya vipande vya vioo, au ndani ya mtungi uliofungwa pamoja na chumvi inayofyonza unyevu, hadi ikabaki magamba ya njano yanayong'aa. Njia hiyo iliwafaa kwa kuwa hawakuwa na nyingine, na sumu iliyokaushwa hivyo iliua wanyama wa majaribio kama kawaida, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba hakuna kilichopotea. Lakini kukausha kimiminika kwa njia hiyo kunamaanisha kwamba kwa muda wa saa nyingi protini zinazidi kusongamana, chumvi inazidi kukolea na vimeng'enya vinaendelea na kazi yao mpaka tone la mwisho. Kilichosalia kinaua, ndiyo, ila si lazima kiwe ni kilekile kilichokamuliwa.

Kukausha kwa kugandisha ni njia tofauti kabisa, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi huichukulia kuwa ni friza tu yenye nguvu zaidi. Jacques-Arsène d'Arsonval na Frédéric Bordas waliionyesha Paris mwaka 1906, na Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoifanya kuwa kazi ya viwandani, kwa ajili ya plazma ya damu. Kanuni yake ni kwamba maji yakiwa mahali ambapo mgandamizo umeshuka chini ya paskali 611, ukilinganisha na zaidi ya 101,000 za hewa ya kawaida, hayawezi kukaa kama kimiminika. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Sumu iliyokwisha kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili uchafu utuame, kisha ikagandishwa barabara kwa nyuzi 40 hadi 80 za Selsiasi chini ya sifuri, huwekwa ndani ya chumba ambamo pampu imenyonya hewa hadi zikabaki paskali chache tu. Barafu huanza kuondoka kutoka juu kwenda chini. Ukiangalia kupitia kioo utaona mstari ukishuka polepole ndani ya kichupa, juu yake pameshakauka na kufifia, chini yake pangali na ugumu wa barafu. Mvuke hukimbilia kwenye koili baridi zaidi na kuganda tena huko, vinginevyo ungeingia kwenye pampu na kuharibu mafuta yake.

Jambo linalowachanganya wanafunzi ni kwamba wakati wote huo sumu inahitaji kupewa joto. Kilo moja ya barafu huchukua takriban kilojuli 2,800 ili igeuke mvuke, na isipopata nishati hiyo kutoka nje hupoa zaidi na ukaushaji hukwama. Kwa hiyo fundi hutembea juu ya kamba: akitoa joto dogo mno atakaa siku tatu, akitoa kubwa mno barafu itayeyuka kwa chini na ile keki nyepesi, yenye vitundu kama sifongo, itabomoka na kuwa gamba gumu lililojikunja pembeni ya kichupa. Barafu ikishaisha, kazi bado haijaisha, kwa maana kuna maji yaliyoshikamana na protini zenyewe, nayo huondolewa kwa kupandisha joto taratibu katika ombwe lilelile, yaani ndani ya chumba kilekile kilichonyonywa hewa, hadi unyevu ubaki asilimia chache tu. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa na wenye haraka, kwani kwa macho unga tayari unaonekana umekauka.

Nikiri kosa langu. Usiku mmoja, katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, umeme ulikatika ukaushaji ukiwa katikati, kisha ukarudi kabla ya alfajiri. Mashine ilizimika, koili zikapata joto, barafu ndani ya vichupa ikayeyuka. Umeme uliporudi pampu ikaanza kunyonya tena kama vile hakuna kilichotokea. Kimiminika kilicho ndani ya ombwe huchemka hata kikiwa baridi. Tulipofika asubuhi tulikuta povu la njano limekaukia shingoni mwa vichupa, matone yamerukia kioo cha mlango, na vizibo viwili vimesukumwa pembeni. Msimamizi wetu alipima, akaona uzito umepungua kidogo tu, akasema tukwangue na tuendelee. Nilikwangua. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika lebo: jina la nyoka, tarehe, uzito. Hapakuwa na mstari wa kuandika kwamba sumu hii iliyeyuka, ikachemka, ikatoa povu, na kwamba protini zinapotandazwa kwenye ngozi ya mapovu hukunjuka na kushindwa kurudi umbo lake. Kwa bahati nzuri unga ule uliishia kufundishia wanafunzi na haukuwafikia farasi, lakini hiyo ilikuwa bahati, si utaratibu.

Nimesimulia hayo kwa sababu ya hoja ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Tuseme sumu imekaushwa vibaya na protini moja muhimu imevunjika umbo. Farasi akidungwa unga huo atatengeneza kingamwili hafifu dhidi ya protini hiyo, au hatatengeneza kabisa. Dawa ikishakamilika itapimwa nguvu yake kwa kuichanganya na sumu na kuona kama panya watapona. Sumu hiyo ya kupimia, mara nyingi, hutoka kwenye akiba ileile. Protini ambayo farasi hakuiona haimo pia kwenye kipimo. Panya watapona, cheti kitatolewa, na upungufu utaonekana kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mtu aliyeumwa na nyoka halisi mwenye sumu kamili. Kosa la aina hiyo hujificha lenyewe, na haligunduliki kwa kumkagua mwenye duka la dawa wala kwa kuangalia kipimajoto cha jokofu lake.

Sitaki nieleweke kwamba kukausha kwa kugandisha hakuna lawama. Kugandisha peke yake kunaweza kudhuru. Kile kimeng'enya kinachoipa sumu nyingi za nyoka rangi ya njano, kinachovunja asidi amino, kimejulikana tangu miaka ya 1960 kwamba hupoteza nguvu kinapogandishwa katika mazingira fulani na huweza kuirudisha kikipashwa joto kwenye kimiminika chenye uasidi. Yaani baridi hiyohiyo inayoiokoa protini moja inaweza kuilaza nyingine. Sumu nzima, kwa kuwa imesongamana protini nyingi zinazokingana, kwa kawaida huvumilia. Protini moja iliyotengwa na wenzake kwa ajili ya utafiti, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji mengi, haivumilii hivyo: hunata kwenye kioo, hujikunjua kwenye uso wa barafu, na iwapo imewekwa kwenye fosfati ya sodiamu, sehemu ya chumvi hiyo huganda mapema na kuuacha uasidi ukipanda ghafla. Ndiyo maana watafiti huongeza sukari kama sukrosi au trehalosi, ambayo huishikilia protini mahali ambapo maji yalikuwa yameishikilia na kuifungia ndani ya kitu kigumu kisicho na fuwele, mithili ya mdudu ndani ya utomvu uliokauka. Anayekuambia kwamba kuna mpango mmoja wa mashine unaofaa kila sumu hajakausha nyingi.

Ikikaushwa vizuri na kufungwa vizuri, hata hivyo, sumu hudumu kwa namna inayotia moyo. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi wa sampuli 52 za sumu, baadhi zikiwa zimehifadhiwa kwa takriban miaka 80. Zile ambazo hazikuguswa na hewa zilikuwa karibu sawa na sumu mpya. Moja ya nyoka aitwaye Acanthophis antarcticus ilikuwa imeharibika sana katika vipimo vya protini, na sababu ilikuwa kizibo cha mpira kilichochoka na kuruhusu hewa kupita. Miongo yote hiyo ya uangalifu, na mwamuzi akawa ni kipande cha mpira! Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba sumu hiyo iliyoharibika ilikuwa bado inashambulia mishipa ya fahamu karibu kama ile mpya, kwa hiyo mtu ambaye angeipima kwa nguvu yake ya kuua pekee angeipitisha.

Hewa yenye unyevu ndiyo adui, na huingia kwa njia za kawaida kabisa. Kichupa kikitolewa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kufunguliwa papo hapo, unyevu wa chumba hutua juu ya unga baridi kama umande unavyotua kwenye majani, na baada ya dakika chache unga uliokuwa mwepesi hadi unapeperuka kwa pumzi hunata kwenye kijiko kama gundi. Anayefanya hivyo mara kumi kwa mwaka ameifuta kazi yote ya mashine. Inatakiwa kichupa kisubiri mezani kikiwa kimefungwa, ndani ya chombo chenye chembe za silika zinazofyonza unyevu, mpaka kifikie joto la chumba, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au saa nzima. Au, lililo bora, sumu igawanywe tangu mwanzo katika vichupa vidogo vya kufunguliwa mara moja tu. Ikishayeyushwa itumike siku hiyo, kwa kuwa maji yakirudi, vimeng'enya navyo huamka.

Niseme pia neno kwa wale wanaodhani kwamba sumu iliyokauka imekufa. Kukausha hakuiui sumu, kunaisimamisha. Unga huo ukiingia kwenye jeraha au jichoni unayeyuka na kufanya kazi yake. Ukivutwa puani mara kwa mara, kama inavyowatokea wanaoupima bila barakoa, mwili huanza kuuchukia: kwanza ni chafya na macho kuwasha, baadaye kifua kubana, na mtu wa namna hiyo akija kuumwa na nyoka anaweza kupatwa na mshtuko wa mzio, mbali na madhara ya sumu yenyewe. Nina mwenzangu ambaye hawezi tena kuingia chumba cha mizani.

Shirika la Afya Duniani liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka mwenye sumu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu unaotokana nayo kwa nusu ifikapo 2030. Makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka. Mwongozo wa shirika hilo kuhusu utengenezaji wa dawa hii umeeleza sumu ikusanywe kutoka kwa nyoka wengi, igandishwe haraka, ikaushwe, na kila fungu liwe na kumbukumbu zake. Mwongozo ni mzuri. Pungufu ninaloliona ni kwamba kumbukumbu hizo hubaki kwenye makabati ya watengenezaji, wakati mnunuzi, awe ni wizara au hospitali, hupewa cheti cha dawa bila maelezo ya sumu iliyoizaa. Ningependa mamlaka zinazoidhinisha dawa ziombe karatasi moja zaidi: sumu ilikaa muda gani kati ya kukamuliwa na kugandishwa, ilikaushwa kwa mashine au hewani, mashine iliwahi kuzimika katikati, unyevu uliobaki ulikuwa asilimia ngapi, na sumu ya kupimia dawa ilitoka kwenye akiba gani. Nawaomba pia waandishi wa gazeti lako, watakapomhoji mtengenezaji mwingine wa dawa hii, wamuulize hilo la mwisho kwanza.

Kwa upande wangu, tangu asubuhi ile ya povu niliongeza mstari mmoja kwenye lebo zangu: "imekauka bila kuyeyuka", pamoja na tarehe na asilimia ya unyevu. Vichupa nilivyoviandika kabla ya hapo havina mstari huo. Vilisambaa kwa wenzetu wa maabara nyingine kama ilivyo desturi ya fani yetu, na kama bado vipo kwenye friza ya mtu yeyote, naomba visidungwe kwa farasi wala visitumike kupimia dawa mpaka protini zake zichunguzwe upya na kulinganishwa na sumu mpya ya nyoka wa aina hiyohiyo.

Fundi mstaafu wa maabara ya sumu za nyoka